Spoku ya Baiskeli na Shavu la Kambua

Wewe mama au nyanya uliye na mtoto amevimba taya, na kila mtu anakwambia lake, keti hapa nikwambie langu. Sikwambii kama daktari. Mimi nilifika darasa la tatu tu, nikatolewa nikachunge ng'ombe wa mjomba, na hao ng'ombe wakafa kiangazi kilichofuata, kwa hiyo shule sikupata na ng'ombe hawakupona. Nakwambia kama mtu aliyeharibu, kisha akakaa kwa benchi akitazama alichoharibu.

Jina langu ni Mumbua. Nakaa karibu na Tawa, Makueni, na kwa miaka mingi ni mimi nilikuwa naitwa mtoto mchanga akihara na kushikwa na joto. Nilikuwa natoa meno. Si haya ya kutafunia. Ni yale yanaitwa meno ya nailoni, meno ya uongo yanayojificha ndani ya ufizi, meupe na laini kama funza, ambayo tuliamini ndiyo yanamharisha mtoto mpaka afe. Kazi hiyo nilifundishwa na mama mkwe wangu. Chombo changu kilikuwa spoku ya baiskeli ya marehemu mume wangu, niliyoinoa kwa jiwe mpaka ncha ikawa kama sindano ya magunia. Naichoma moto, naisugua kwa chumvi, napasua ufizi, nachokoa. Kile kitu cheupe kikitoka nakiweka kwa kiganja namwonyesha mama: "Ona, huyu ndiye alikuwa anakuulia mtoto." Mama analia kwa furaha. Mimi narudi nyumbani na kuku kwapani.

Usinihukumu haraka. Sisi Wakamba tumesumbua meno tangu zamani. Babu yangu alikuwa amechongwa meno ya mbele yakawa makali kama ya mamba, na kwa vile nilimwogopa akicheka, alikuwa anacheka makusudi. Aliniambia mchongaji alilaza kichwa chake mapajani, akamwekea kijiti katikati ya meno, akagonga kwa patasi ndogo, na ukilia basi hupati mke. Hakulia. Akapata wawili, na hao ndio walimliza baadaye. Kwa hiyo mimi kuchimba ufizi niliona ni kazi kama kazi nyingine. Lakini nimetoka njiani. Turudi kwa Kambua.

Kambua ni mtoto wa kijana yangu Musyoka, anayeziba panchari kule Kambu kando ya barabara ya Mombasa. Ni msichana wao wa kwanza, na kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa hiyo yeye ni Mumbua kama mimi, ila kwa udogo tukamwita Kambua. Mama yake, Ndinda, hakuwa anamwita kwa jina. Alikuwa anamwita "mwaitu", yaani mama yangu, vile vile anavyoniita mimi, kwa heshima. Akiita mara moja tunageuka wawili, halafu tunacheka.

Huyu Ndinda alitoka mbali, Tseikuru, juu kabisa kaskazini ya Kitui, kwenye mbuzi na vumbi. Maji ya visima vya kule ni makali, na yanawakuta watoto meno yakiwa bado ndani, yanayapaka rangi. Meno yake ni ya kahawia, yana madoa kama mbegu za mbarika. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Yaweke akilini hayo meno, kwa sababu ndiyo yaliyobeba mzigo wangu.

Kambua alikuwa na miaka minane, na ni wakati wa kuvuna ndengu. Mwalimu ndiye aliona kwanza.

"Kambua, toa peremende mdomoni."

"Sina, mwalimu."

"Fungua."

Akafungua, hakuna kitu. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu mwalimu akamleta mpaka nyumbani. Nikamweka mtoto katikati ya magoti, nikapitisha kidole ndani ya shavu la kulia, huku chini. Palikuwa na kitu kigumu kama kokwa. Hakiumi. Na mahali pa jino la chonge palikuwa wazi. La utoto halikuwahi kuota, na sisi tulikuwa tumezoea hilo pengo, tunamtania kwalo. Kidole changu kikasimama hapo. Fundi wa nguo anajua mshono wake hata gizani.

Nilimchimba akiwa na miezi mitano. Ndinda alikuwa ameniambia wazi kabla mtoto azaliwe, "Mwaitu, wangu usimchimbe. Kwetu nesi alitukataza." Nikamwambia sawa. Lakini mtoto akashikwa na kuhara, na mama yake akaenda kuchota maji kwa mto wa mchanga, na foleni ya kiangazi ni ya nusu siku. Nikaona atarudi akute maiti. Nikatoa spoku. Nikachimba chini, kulia na kushoto. Ndinda akarudi akakuta damu kwa shuka, nikamwambia mtoto ameumwa na kijiko nikimpa uji. Akaifua ile shuka. Siku ya tatu kuhara kukakoma, nami kimoyomoyo nikajisifu. Sasa nimeambiwa kungekoma hata hivyo, kwa maji ya chumvi na sukari.

Kwa hiyo nilipogusa ule uvimbe sikuwa mjinga. Nilishuku. Lakini mdomoni nikasema labda ni jipu.

Tukaanza kuzunguka. Pasta na wamama wa kanisa walifunga siku tatu, wakampaka mafuta shavuni. Mimi nikafunga nao, na hakuna njaa mbaya kama ya mtu anayemwomba Mungu aondoe kitu na hataki kumwambia kilitoka wapi. Halafu kuna jamaa alikuwa anang'oa meno siku ya soko. Akasema ni gego limeoza, akaling'oa. Gego lilikuwa zima kabisa. Mvua ya Novemba ikanyesha, tukapanda, uvimbe ukashuka kidogo, tukashukuru. Mbaazi zilipoanza kutoa maua ulikuwa umerudi ukubwa wa ndimu. Uso wa mtoto ukaenda upande mmoja. Akaanza kuketi darasani ukutani, shavu hilo likiangalia ukuta. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, akashindwa, mahindi ya kuchemsha akashindwa, akabaki na uji kama mtoto mchanga.

Na hapo maneno yakaanza. Wifi yangu Katunge, dada ya marehemu mume wangu, ana ulimi unaoweza kukoboa mahindi bila kinu. Tulikuwa uani tunapepeta.

"Si nilisema?" akasema. "Ukioa Tseikuru unaoa na maji yake. Angalia mdomo wa mama, utajua wa mtoto."

Ndinda akamuuliza, "Kwani meno yangu yameuma nani?"

"Hayajauma mtu, mama. Yanatisha tu, hata mbuzi."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nataka ujue hiyo, kwa sababu baadaye nilipokuwa nalia hakuna aliyeniuliza kuhusu siku ile nilicheka.

Ndinda ndiye alisema inatosha, akambeba mtoto mpaka hospitali kubwa, kwa kliniki ya mataya, ambayo ni Jumatano peke yake. Nikaenda nao. Ukienda kliniki kama hiyo, beba kikoi cha kukalia na uji kwa chupa. Benchi zimesuguliwa na makalio ya watu mpaka zinateleza. Kila mtu amefunga kitambaa usoni, na baada ya saa moja unaacha kuona uvimbe, unaona macho tu. Kuna baba mmoja alikuwa na msichana mdogo, shavu kubwa kuliko la Kambua, akatugawia nusu ya mkate wake bila kuuliza tumetoka wapi. Mkate huo nitaukumbuka.

Kwa eksirei mtoto anawekwa kidevu kwa kijiti, anaambiwa asimeze mate, halafu mashine inazunguka kichwa polepole kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Kambua hakutingisika. Akatoka akaniambia, "Susu, ilikuwa inaninusa." Susu kwetu ni nyanya.

Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko Ndinda, lakini mikono yake imetulia. Akasema uvimbe wa taya kwa watoto uko wa aina nyingi. Mwingine ni mfuko wa maji tu, mwingine unakula mfupa, mwingine unatembea kwa ukoo na hata ukitolewa unarudi. Kwa nje yote inafanana. Akauliza, "Kuna mtu kwa familia amewahi kuwa hivi? Upande wa baba? Wa mama?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamwangalia Ndinda.

Daktari akauliza tena, "Na akiwa mchanga, kuna mtu alimchokoa ufizi?"

Ndinda akasema hapana, nilikataza. Daktari akanigeukia. Nikasema, "Sisi ni watu wa kanisa, daktari. Hayo hatufanyi." Akaandika. Niliona kalamu yake ikienda, na mpaka leo nikisikia kalamu kwa karatasi nasikia uongo wangu.

Akakata kipande kidogo cha nyama ndani ya ule uvimbe, kikapelekwa kuangaliwa. Tukangoja wiki tatu. Jibu likarudi halina uso: kipande kilikuwa na usaha, hakikusema wazi ni aina gani. Daktari akasema mfupa umebaki mwembamba kama ganda la yai, mtoto asitafune chochote kigumu, asicheze mpira. Na kwa vile hatujui, na huenda ni ule wa ukoo, atalazimika kukata zaidi, atoe na kipande cha taya. Akataka Ndinda naye apigwe picha, akapigwa siku hiyo hiyo, tumbo lenye mimba limefunikwa kwa aproni nzito. Akatupa siku ya kurudi, ndengu zikiwa zimeanza kukauka.

Hizo wiki za katikati ndizo zilikuwa ugonjwa wenyewe. Ndinda alikuwa na mimba ya miezi sita. Musyoka akaja kutoka Kambu, akakaa kwa kiti cha baba yake, akaongea akiangalia chini.

"Mwaitu, watu wanasema huyu wa tumboni pia atakuwa hivyo."

"Watu gani?"

"Aunty Katunge. Na wengine. Wanasema Ndinda akajifungulie kwao, tuone kwanza. Wewe unasema aje?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili, mlango umefungwa, kijana yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Tungoje daktari." Musyoka akarudi kazini bila kulala kwa mke wake, na Ndinda akaanza kukunja nguo zake moja moja, kwa siku nyingi, kama mtu anayekunja mahema.

Jioni moja Kambua akaniuliza, "Susu, wakikata taya nitaongea?" Nikamwambia utaongea. "Nitaimba?" Nikamwambia utaimba. Sikuwa najua lolote.

Siku ikafika. Tukakaa benchi ya tatu, Kambua katikati, nambari yetu kumi na nne. Nguo za Ndinda zilikuwa tayari kwa mfuko miguuni. Akitoka hapo alikuwa anapanda gari la Tseikuru. Akaingia mwanamke na kijana wa miaka sita hivi, akaniona, akapaza sauti.

"Susu Mumbua! Ni wewe kweli? Hunikumbuki? Mama Kioko, wa pale juu ya kanisa!"

Nikasema nimekukumbuka. Sikumkumbuka. Walikuwa wengi.

"Huyu susu ndiye aliniokolea mtoto," akamwambia Ndinda, amefurahi, anamsogelea. "Alikuwa anakufa. Siku tatu anahara maji. Susu akaja na spoku yake, dakika moja meno manne ya nailoni yako nje. Kioko, salimia susu aliyekuponya."

Mtoto akanipa mkono. Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa, chini, mahali pale pale.

Ndinda akauliza polepole, "Na leo ameletwa na nini?"

"Hata sijui. Ameota kitu hapa. Nyumbani wanasema ni maji ya kisima."

Ndinda akaangalia shavu la yule kijana, akaangalia la Kambua, kisha akaangalia mikono yangu. Ilikuwa juu ya magoti. Sikujua niiweke wapi.

"Mwaitu," akasema kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Ile siku ya damu kwa shuka."

"Ndinda..."

"Ulimchimba?"

Nikasema ndiyo. Nilisema chini sana, hata Kambua aliyekuwa katikati yetu sijui kama alisikia.

"Nilikuwa nimekukataza."

"Ulikuwa umenikataza."

Ningependa angenipiga. Akasimama na tumbo lake, akanishika kifundo cha mkono vile mtu anashika mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, akanivuta akipita nambari tisa, kumi, kumi na moja. Watu wakaguna. Akafungua mlango wa daktari bila kubisha.

"Sema tena," akaniambia. "Sema kwa Kiswahili, daktari asikie."

Nikasema kwa Kiswahili. Kinaumiza zaidi, kwa sababu sina maneno mengi ya kujifichia.

Daktari hakunifokea. Akaweka picha ya Kambua kwenye taa, akanionyesha kwa kalamu. Upande wa kulia, ndani ya ule uvimbe, kulikuwa na jino limepinda kama msumari uliokosewa, na vipande vidogo vingi kama mchele uliovunjika. Upande wa kushoto, pale nilipochimba pia, jino lingine limelala ubavu.

"Susu," akasema, "kile kitu cheupe ulikuwa unatoa, ulikuwa unafikiri ni nini?"

"Mdudu."

"Lilikuwa jino lake. Jino la kweli, halijakomaa. Na chini yake lilikuwa linajitengeneza la ukubwani, nalo ukaligonga."

Nikakumbuka vile viganja vyote nilivyovifungua mbele ya akina mama. Ona, huyu ndiye.

Halafu akamgeukia Ndinda. "Picha yako nimeiangalia mara mbili. Wewe huna ugonjwa. Maji yamekupaka rangi tu. Hayo meno yako yamesimama kwa mfupa kama nguzo."

Ndinda akalia. Alilia mdomo wazi, na hakuuziba.

Daktari alichukua kipande kingine, kikubwa, akitafuta anachotafuta, na safari hii jibu lilikuja na uso: mfuko wa maji uliozunguka jino lililoharibiwa, hauli taya, hautoki kwa ukoo wa mtu. Hakukata mfupa. Alifungua dirisha dogo ndani ya mdomo, akatoa lile jino na vile vipande, akajaza shimo kwa utambi wa bandeji yenye dawa ya manjano inayonuka kama kabati la zahanati. Kambua akaamka analia amevimba pande zote, akauliza kama taya liko. Liko, tukamwambia. Akajigusa mwenyewe ndipo akaamini.

Ukifika hapo ujue kazi haijaisha. Utambi unabadilishwa, kisha unatolewa, na shimo linaoshwa kila baada ya kula, miezi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maji ya chumvi vuguvugu. Mfupa unajijaza polepole kutoka chini, kama mto wa mchanga baada ya mafuriko. Kazi hiyo niliweza. Mikono yangu imeingia midomo mingi. Siku ya kwanza nikachukua bomba, Ndinda akalitoa mkononi mwangu, akasema, "Hapana." Nikabaki wa kuchemsha maji. Nimechemsha maji kwa mvua mbili.

Ndinda hamwiti tena Kambua mwaitu. Anamwita Ruth, jina la ubatizo. Hata kwa daftari za shule ameandikisha Ruth. Mimi bado nasema Kambua, na mtoto anaitikia yote mawili, ananihurumia.

Musyoka alikuja, akamwomba mke wake msamaha mbele yangu, mimi akanisalimia tu. Katunge hakuomba mtu. Alisema, "Kumbe ni wewe!" akaenda kuisambaza hiyo kwa bidii ile ile.

Spoku niliitupa kwa choo cha shimo. Halafu nikaanza kuzunguka nyumba nilizochimba, zile nakumbuka, nikiwaambia wapeleke watoto wapigwe picha hata kama hawajavimba. Mama Kioko alinisikia, na wake ameshafunguliwa, anapona. Wengine walinifukuza kwa mbwa. Na mama mmoja, nilipomaliza kueleza yote, uvimbe, benchi, taya, aliingia nyumbani akatoka na kichanga kinahara, akaniambia, "Sasa kwa vile umefika, si unitolee huyu?" Nikamwambia mpe maji ya chumvi na sukari, umkimbize zahanati. Akaona nimekuwa mchoyo.

Basi kama umemchimba wako, au ulichimbiwa ukanyamaza, usingoje kusalimiwa kwa benchi. Siku ya kwanza daktari akiuliza, jibu. Taya la mtoto wako linaweza kukatwa kwa sababu ya aibu yako.

Kambua sasa anatafuna muthokoi, kwa upande wa kushoto kwanza, halafu akisahau, kwa pande zote. Pengo liko. Anaimba kwaya.

Na yule wa tumboni alizaliwa salama, mvulana. Ndinda hanikatazi kumbeba. Nikiwa naye uani ananiachia, anaenda kwa kazi zake, hata ananiambia asante. Lakini nikimrudisha, kila siku, kabla ya kumpa titi, anamfungua mdomo, anapitisha kidole juu, anapitisha chini, kulia, kushoto, anaangalia kidole kama kina damu. Mimi siondoki. Nasimama hapo mbele yake nikingoja amalize.